Malengo ya Mama Sponji

Kiwandani walimwita Mama Sponji, naye aliitika bila kinyongo, maana magodoro ya sponji ndiyo yaliyomlea. Aliingia pale akiwa mshonaji wa vitambaa, akapanda polepole, leo kiongozi wa washonaji, kesho msimamizi wa zamu, hadi akapewa cheo cha meneja wa uzalishaji na ofisi ya kioo inayotazama mashine. Kazi yake aliijua kama mtu anavyoijua njia ya jikoni kwake umeme ukikatika. Shida ilianza siku alipoambiwa aieleze.

Mkurugenzi alikuwa mpya, mtu mpole, mwenye kuongea taratibu kama anayebembeleza mgonjwa. Aliwaita mameneja wote akawataka kila mmoja alete malengo yake ya mwaka, tena yawe ya kupimika. Mama Sponji hakuona ugumu. Aliandika mstari mmoja: kutengeneza magodoro mengi na mazuri. Kesho yake akaitwa.

"Mama, mengi ni mangapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Ya kuwatosha wateja."

"Na mazuri, utajuaje kwamba ni mazuri?"

"Nikiliona godoro nalijua. Nikilibonyeza ndiyo kabisa."

Mkurugenzi alicheka, lakini si kwa dharau. "Mimi sina macho yako wala mikono yako. Niandikie kitu ambacho hata mimi nikihesabu nitapata jibu lile lile utakalopata wewe."

Mama Sponji alitoka pale kichwa kimejaa maji. Siku nzima alijitazama akifanya kazi, ili ajue hasa anafanya nini. Alisikiliza mashine ya kukata ikibadilisha mlio, akamwita fundi. Alimtuliza mshonaji aliyegombana na mwenzake. Alilinusa bonge la sponji lililotoka kumiminwa akasema dawa imezidi. Jioni akajiuliza: kunusa kunaandikwaje? Utasema nitanusa mara ngapi kwa wiki?

Nyumbani mume wake alimsikiliza huku akivua viatu. "Andika kinachohesabika, mama watoto, ulale. Hao hawataki kukuelewa, wanataka kukuhesabu."

Basi akaandika kinachohesabika. Idadi ya magodoro yanayokatwa kila zamu iongezeke kwa asilimia kumi. Na yale yanayokataliwa mlangoni, kwa kuwa na kipimo kibaya au kuchanika, yapungue nusu. Mkurugenzi akafurahi, akampa kalamu yake mwenyewe atie saini. Mama Sponji alisaini akihisi kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hakujua kama yeye ndiye mnunuzi au ndiye mbuzi.

Msimamizi wa zamu ya asubuhi, mwanamume aliyepewa jina la Chapuchapu kwa sababu hata salamu aliikata katikati, aliliandika lengo lile kwa chaki ukutani, karibu na mashine ya kukata. Hakuuliza swali. Miezi miwili haikuisha, idadi ikapanda ikapita hata ile asilimia kumi. Kwenye mkutano mkurugenzi alimsimamisha Mama Sponji mbele ya wenzake, wakampigia makofi. Naye akapiga, kisha akakumbuka kuwa anayepigiwa ni yeye.

"Umefanyaje, dada?" meneja wa mauzo alimnong'oneza.

"Mungu ndiye anajua," alijibu, na yule akadhani ni unyenyekevu. Kumbe ndio ulikuwa ukweli wenyewe. Mashine ni zile zile, watu ni wale wale, dawa ni ile ile. Hakuwa amefanya lolote ila kuandika. Alijaribu kufurahi, lakini furaha ikawa kama kiatu cha kuazima, inaingia ila haikai.

Siku zile mama mkwe wake alikuja kukaa nao, mgongo ukimsumbua. Mume akamwagizia kitanda kwa mdogo wake, ambaye alikuwa seremala hodari na mdomo wake ulikuwa hodari zaidi. Mama Sponji akaleta godoro la kiwandani kwao, jipya, alilolichagua na kulipima mwenyewe kwa futi ya mkanda kabla halijapakiwa. Siku ya kwanza lilikaa kitandani kama yai ndani ya ganda lake. Mama mkwe akalala, akaamka, akashukuru.

Wiki haikuisha vizuri, mama mkwe akaita kutoka chumbani. "Mwanangu, hebu njoo. Usiku kila nikinyoosha mguu, kisigino kinatumbukia shimoni."

Mama Sponji akaenda, akainamia kitanda. Kweli, upande wa miguuni palikuwa na mwanya wa vidole vinne, mbao zinaonekana. Akalisukuma godoro chini, mwanya ukahamia kichwani. Akalivuta juu, ukarudi miguuni.

"Mama, hukulisukuma?"

"Nilisukume kwa mgongo upi?"

Seremala akaitwa. Alifika na futi yake shingoni, akakizunguka kitanda kama daktari. "Shemeji, kitanda changu hakijaenda popote. Mbao hairefuki. Godoro lako ndilo lililotoroka."

"Godoro nililipima mwenyewe, shemeji. Labda ulipima kitanda ukiwa na njaa."

"Na wewe ulipima godoro ukiwa na cheo."

Mama mkwe alicheka mpaka akaushika mgongo. Wakapima. Kitanda kilikuwa sawasawa. Godoro lilikuwa fupi, na kitambaa chake kimelegea kwenye pembe kama nguo ya mtu aliyeugua. Mama Sponji hakuamini. Akaomba futi ya seremala, akailaza sambamba na ya kwake sakafuni. Zililingana. Akapima tena. Alikaa pale chini, futi mbili mapajani, akiwatazama wenzake kama anayesubiri mmoja wao akiri kuwa ni utani.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja mlangoni, pale wakaguzi wanapokagua magodoro kabla ya kwenda ghalani. Akapima moja, sawa. La pili, sawa. Akapima mengi mpaka wakaguzi wakaanza kutazamana. Yote yalikuwa sawa. Akapumua, akasema moyoni, basi ni lile moja tu. Kisha akaingia ghalani, kwenye magodoro yaliyokaa siku kadhaa, akapima tena. Fupi. Lingine fupi. Lingine sawa. Lingine fupi. Hakuelewa, maana godoro halina miguu wala nia. Linaingia zima, linapungua likiwa limelala.

Akarudi mlangoni, akaweka futi kando, akafanya alichokuwa amekiacha tangu alipoanza kusoma namba: akaligusa godoro. Akaingiza mkono kwenye kitambaa kisichoshonwa upande mmoja. Lilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Alikimbilia chumba cha kupoozea. Bonge la sponji likishamiminwa na kuumuka, linatoka kubwa kama gari dogo, na ndani yake linawaka joto. Lazima lilazwe chumba kile hadi kesho yake, likipoa na kukaza, ndipo likatwe, la sivyo vipande hupungua vikipoa. Chumba kilichozoea kujaa sasa kilikuwa kitupu kama uwanja baada ya mechi.

"Mabonge yako wapi?" alimuuliza Chapuchapu.

"Yamekatwa, mama."

"Ya leo asubuhi?"

"Ya leo. Tukisubiri yapoe, asilimia kumi tutaitoa wapi?" Alisema bila woga, maana hakuona kosa.

"Lakini unajua bonge halikatwi likiwa la moto!"

"Najua. Ila pale ukutani hakuna neno kupoa. Kuna idadi. Na kipimo mlangoni kinatoka sawa. Nikadhani wakubwa mmepata utaalamu mpya." Alishusha sauti. "Mama, wewe ndiye ulisaini. Nilikosea wapi?"

Mama Sponji alitaka kumkaripia, akaona karipio halina pa kutua. Chapuchapu alifanya alichoambiwa. Wakaguzi walipima walichoambiwa. Yeye aliandika alichoombwa, na mkurugenzi aliomba kitu chenye akili. Kila mmoja alikuwa sawa peke yake, na magodoro yalikuwa mafupi. Alimtafuta mkosaji kichwani kama mtu anayetafuta miwani, akajikuta kila mara anarudi kwake, kisha anapita, kisha anarudi.

Alisimamisha mashine. Siku ile hakuna kilichokatwa, na watu walikaa juu ya marobota ya vitambaa wakiulizana kama kiwanda kimefilisika. Yeye akapanda kwa mkurugenzi, akamweleza yote, hata la mama mkwe na kisigino.

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo lengo lilikuwa baya?"

"Sijui. Lilipimika."

"Basi tupime nini? Yanayorudishwa na wateja?"

"Hayo huja baada ya miezi, na wengine hawarudishi. Wanalala tu na shimo."

"Tupime siku za kupoa?"

"Chapuchapu atayalaza siku hizo hizo hata mvua ikinyesha na yakihitaji zaidi. Ndivyo alivyo. Ukimwambia simama hapa, hasogei hata hatua moja mbele."

Mkurugenzi alijikuna kidevu. Kwa mara ya kwanza Mama Sponji alimwona na yeye amepotea, na badala ya kumfariji, jambo lile lilimtia hofu. Alikuwa amepanda ngazi zile akitumaini kwamba juu kuna mtu anayejua.

Walikubaliana waliyoweza kukubaliana. Magodoro mafupi yaliyokuwa ghalani yakatwe upya yawe ya vitanda vya watoto. Madukani watume habari kwamba mwenye godoro lililopungua alilete abadilishiwe. Na hesabu ya kila zamu ifanywe kwa magodoro yaliyokwisha kulala ghalani, si yanayotoka mashineni. Idadi ikaanguka siku ile ile. Mwisho wa mwaka, lengo la kwanza alilikosa kwa mbali. Lengo la pili, la yanayokataliwa, alilifikia, lakini hakuna aliyeweza kusema kama ni kwa sababu magodoro yamekuwa mazuri au kwa sababu yalikuwa machache.

Mume alimuuliza mezani, "Sasa, umefaulu au umefeli?"

"Mkurugenzi ameandika wastani."

"Wewe unasemaje?"

Alifikiri. "Mimi nasema mama yako alilala vizuri jana kwenye godoro nililombadilishia."

"Hilo nalo umelipima?" seremala aliyekuja kula kwao alidakia, mdomo umejaa chakula, na wote wakacheka, naye akacheka, ingawa swali lilimkaa.

Kesho yake Chapuchapu alimfuata na kipande cha chaki. Ukuta ulikuwa umefutwa. "Mama, mwaka mpya huu. Niandike nini hapa?"

Mama Sponji alitazama ukuta, akatazama chumba cha kupoozea, mabonge yamejipanga humo yakitoa harufu yake kali. Aliingia, akaweka kiganja juu ya lililo karibu, kisha juu ya la nyuma yake, akakiacha pale kitambo.

"Hili bado," alisema. "La nyuma yake kata. Ukutani usiandike kitu kwanza, njoo ushike na wewe unieleze unasikiaje."

Chapuchapu akaweka mkono, akakunja uso. "Lina joto. Au limepoa? Sijui, mama."

"Basi tuko wawili tusio na hakika," akasema. "Shika tena."