Mzee Rajabu Kwenye Filamu ya Kiitaliano

Fundi wa Kiitaliano aliyemaliza mkataba kwenye mitambo ya gesi ya Msimbati alimwachia Anold flashi iliyojaa filamu za zamani za vichekesho, zote za makarani wa maofisini kwao. Kila saa saba mchana, Anold na Yustina wa masjala walikula mihogo mbele ya kompyuta, wakicheka. Kiitaliano hawakukijua, lakini karani anayejificha chooni bosi akipita hahitaji mkalimani.

Jumanne moja Yustina aliacha kutafuna.

"Hebu rudisha nyuma kidogo."

Anold akarudisha. Ukumbi wa ofisi, meza safu kwa safu. Meza ya mwisho alikaa mzee mweusi mwenye kofia ya kudarizi, akigonga mihuri.

"Yule ni Mzee Rajabu," Yustina alisema.

Mzee Rajabu alikuwa karani wa masjala kabla yake. Alifia mezani pake, hapo hapo ofisini, miaka sita iliyopita.

"Watu hufanana," Anold alisema. "Filamu hii ilipigwa yeye akiwa mtoto."

Kesho yake waliifungua tena. Mzee alikuwa amesogea safu mbili mbele.

Yustina alikwenda Mtawanya kwa mjane wa mzee, Mwanaisha, akamweleza yote. Mama yule hakubisha. Alhamisi alikuja, akajifunga kanga vizuri, akaketi mbele ya kompyuta.

Kwenye filamu bosi alifoka, karani akaanguka ngazini, makaratasi yakaruka. Mzee sasa alikuwa safu ya kwanza, na mlio wa muhuri wake ulisikika kuliko maneno ya wengine.

"Baba Riziki," mama aliita taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Kazi imekwisha. Ulishafariki."

Mkono ukasimama. Mzee akainua uso, akawatazama wote watatu. Kisha akaufunika muhuri, akaondoka kwa mlango wa pembeni. Waliokuwa naye ukumbini hawakugeuka.

"Hakuna aliyemwambia," Mwanaisha alisema. "Siku ile mlimtoa hapa haraka, watu wakarudi kazini."

Ijumaa dua ilisomwa Mtawanya. Yustina na Anold, Wakristo, walikaa na wenyeji mkekani, wakaitikia amina.

Jumatatu Anold aliifungua filamu. Mzee hakuwepo. Kiti chake kilikuwa wazi, kimegeuzwa kuwaelekea wao.

"Tuendelee?" Anold aliuliza.

Yustina alibeba sahani yake, akaenda kula nje.