Turubai la Dirisha

Kila asubuhi Mounira huketi kwenye cherehani, uso wake kwa dirisha. Dirisha halina kioo. Baba yake alipigilia turubai jeupe la plastiki. Jua likichomoza upande wa barabara, turubai hujaa mwanga, na kila apitaye kwenda sokoni huacha kivuli chake pale. Cha Ayoubu anakijua: pikipiki, kofia, bega la kushoto lililoshuka kidogo. Husimama na kusema, "Mounira, umeamuka?" Naye, kwa kuwa sauti humkwama kooni, humwinulia mkono. Kivuli hungoja, kisha huondoka, na Mounira hushona kutwa nzima akiitamani asubuhi nyingine.

Leo kivuli kilisimama kisisalimu. Kikapita hadi barazani, kwa Subira, shangazi yake Mounira, aliyekuwa akichambua mchele.

"Mama Subira, nakuja kukuaga. Naenda kukaa Salamabila. Kule kwenye dhahabu kazi ya pikipiki iko nyingi."

"Na hapa Kasongo umekosa nini, weye muchumba wa dirisha?"

Ayoubu akacheka kidogo. "Namusalimia kila siku, Mama. Hata siku moja hajanijibu. Mutu hawezi kuongea na turubai mupaka azeeke."

Mguu wa Mounira ukaganda juu ya kanyagio la cherehani. Hajajibu? Na mikono yote ile?

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akasimama barabarani mbele ya dirisha lake mwenyewe.

"Shangazi, ingia ndani, uinue mkono."

Subira akaingia akinung'unika. "Nimeinua."

Turubai lilikuwa jeupe, tupu.

"Nimeinua yote miwili! Nicheze na ngoma?"

Hapakuonekana hata kidole. Jua lote lilikuwa huku nje. Lilibeba kivuli cha Ayoubu hadi ndani, lakini mule gizani hamkuwa na mwanga wa kumrudisha Mounira kwake. Muda wote huo alikuwa akisalimia plastiki.

Ayoubu alikuwa amekwisha kupanda pikipiki. Akamwona, akazima mota.

Mounira alitazama chini. Lakini safari hii hakuungoja mkono umsemee.

"Nilikuwa naitika," alisema. "Kila siku. Ayoubu, usiende Salamabila. Tuma wazee wako waje kwa baba. Nakutaka."