Baiskeli Iliyoitwa Yatima

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa shamba, usiniambie ulikuwa msibani, nilikuona. Ulisimama pale Kiboriloni, ng'ambo ya barabara, hindi la kuchoma mkononi, wakati Anaeli anaambiwa atoke kwenye mstari na baiskeli yake. Ulisikia kila neno. Kisha ukainamisha kichwa ukaanza kuchambua punje za hindi kana kwamba ndizo zilizokuleta. Ulipoinua macho wenzake walishaondoka kupanda mlima, na yeye bado amesimama na helmeti kichwani, hajui aielekeze wapi baiskeli.

Basi leo utasikia ulichokikwepa.

Anaeli ni binti wa Magdalena wa Kidia, Old Moshi, nyumba ile iliyo juu kidogo ya kanisa. Alfajiri anakamua ng'ombe wa mama yake, anashusha maziwa kituoni, halafu ndipo anapanda baiskeli. Rafiki yake ni Rukia wa Njoro, mtoto wa mjini, ukoo wa Kiislamu uliochanganyika hata wenyewe wakiulizwa kabila wanaanza kubishana. Rukia anafuma masweta ya shule kwa mashine. Walikutana Rau, Rukia amepata pancha na hana pampu, Anaeli akasimama. Hapo hapo ukawa undugu, na Rau ikawa kituo chao cha kukutana kila asubuhi. Mwezi wa Ramadhani, Anaeli akibanwa na kiu hanywi maji mbele ya mwenzake, anajificha nyuma ya migomba kama mwizi, na Rukia anampigia kelele kutoka barabarani, "Nimekusikia ukimeza!"

Rukia aliendesha baiskeli ya kampuni moja ya utalii. Nyekundu, fremu ya kaboni, jina la Kizungu limeandikwa kila mahali palipobaki nafasi. Walimpa aitembeze, apigwe picha nayo, na wakamwahidi kumpeleka kwenye kambi ya mazoezi Nairobi. Ya Anaeli nayo ni kaboni, ila haina jina. Magdalena aliuza mtamba, fremu ikaagizwa China kupitia wakala wa mizigo, ikafika imezungushiwa sponji, nyeusi tii, bila hata herufi moja. Vijana wa bodaboda wakamuuliza, "Dada, hiyo baiskeli mtoto wa nani?"

"Yatima," akawajibu, akapita.

Jina likashika. Hata yeye akawa anaipiga busu kwenye usukani kabla ya mlima: twende, Yatima wangu.

Mwezi mmoja kabla ya mashindano ya wanawake ya kupanda Kidia, yale ya kuchagua timu ya mkoa, Rukia alikuwa anateremka kasi. Mama mmoja akatokea kwenye njia ya kihamba, shamba la migomba, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, haoni pembeni. Rukia akamkwepa, akalala chini na ubavu wa kulia. Goti likachunika. Na kwenye baiskeli kikavunjika kitu kidogo tu.

Nikueleze hicho kitu, maana ndicho chenye habari yote. Kipo kipande cha aluminiamu, kama kidole gumba hivi, kinachofungwa kwenye fremu ili kishike gia ya nyuma. Kimetengenezwa laini makusudi, kivunjike chenyewe fremu ipone. Na kila fremu ina kishikio chake. Cha baiskeli nyingine hakiingii, kama ufunguo wa jirani usivyofungua mlango wako. Kampuni ikamjibu Rukia kuwa kinatoka Ulaya, asubiri. Asubiri mpaka lini? Asubiri.

Akapanda Kidia anachechemea. Anaeli alikuwa anamwosha goti kwa maji ya chumvi pale barazani alipokumbuka.

"Yatima alikuja na vishikio viwili vya akiba kwenye boksi. Tujaribu."

"Usinichekeshe, kidonda kinauma. Baiskeli yangu ni ya Ulaya."

"Na kidonda chako ni cha Kidia. Kaa chini."

Akaleta alenki, ule ufunguo wa pembe sita, na kile kipande. Kikaingia. Si kwa kulazimishwa, si kwa kugongwa; kilikaa mahali pake kama mtu aliyerudi kwao, na matundu ya skrubu yakatazamana. Kisha wakazipindua baiskeli zote mbili, zikasimama matairi juu barazani, na Rukia akapitisha kidole gumba chini ya pedali za ile nyekundu, halafu chini ya pedali za ile nyeusi. Mkunjo uleule. Kishimo kilekile. Hata ule mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana kiwandani ulipita palepale.

Rukia hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Mashine yake pale Njoro inafuma sweta la shule ya ada kubwa asubuhi, na mchana inafuma sweta la shule ya kata, uzi uleule, mkono uleule. Kinachokuja baadaye ni nembo, na bei inafuata nembo.

"Kalibu moja," akasema Anaeli. "Kama matofali."

"Kwa hiyo ni kitu kimoja! Miaka yote nacheka Yatima wako, kumbe tumbo moja!"

"Sijasema hivyo. Umbo ni moja. Humo ndani inawezekana nyuzi zako zimepangwa vizuri kuliko zangu. Inawezekana sivyo. Kalibu ya matofali ya marehemu baba ilizunguka Kidia nzima. Kuna waliotia saruji na kuna walioila. Ukitaka kujua unapima, hutazami rangi."

Ona mwanamke huyo. Angeweza kujisifu, na hakujisifu hata kwa alichoweza kujisifia.

Rukia ndiye aliyeingiwa na hofu. "Anaeli, nakuomba usimwambie mtu. Kampuni wakisikia watasema nimewaaibisha. Nairobi yangu itakufa."

Anaeli akamfunga kitambaa gotini, fundo la upole. "Mimi nimekupa kishikio. Mdomo wangu haukuwemo kwenye boksi."

Sasa tufike asubuhi yako ya mahindi. Mwenyekiti wa chama cha baiskeli, Yoramu, alisimama na spika akatangaza sharti jipya, lililozaliwa usiku huo: fremu isiyo na jina la kampuni haitapanda mlima. Kwa ajili ya usalama. Na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Yatima, maana hakukuwa na nyingine.

"Shikamoo mwenyekiti," alianza Anaeli, kwa adabu, ulimsikia. "Naomba ipimeni basi. Ibebesheni uzito, igongeni, ikipasuka nitarudi nyumbani mwenyewe."

"Binti, kitu kisicho na jina kikivunjika nitamshitaki nani?"

"Na vyenye jina vilipovunjika, mzee, ulimshitaki nani?"

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, kidogo. Na mzee akichekwa huku ameshika spika, haki inakuwa imekwisha hapo. "Toka kwenye mstari!"

Rukia alikuwa pembeni ya Anaeli kabisa, juu ya ile nyekundu, na kishikio cha Yatima kimebeba gia yake ya nyuma. Neno moja lingetosha. Alifungua mdomo. Na Anaeli alimtazama mara moja tu, akaona ile hofu, akageuza uso akaangalia kilele cha Kibo, ili mwenzake asibanwe na macho yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kugeuza macho kwake na kugeuza macho kwako.

Firimbi ikalia. Rukia akaenda. Akashinda. Picha yake na medali uliisambaza wewe mwenyewe kwenye makundi yote, ukaandika "mkoa wetu juu".

Baada ya hapo Rukia hakupanda tena Kidia. Anaeli alifika Rau kila asubuhi kwenye saa yao, anazunguka, anajifanya anaangalia upepo wa tairi, anarudi peke yake. Mpaka Jumapili moja alasiri, Magdalena yuko uani anasuuza ndoo za maziwa, akamwona Rukia anapanda njia kwa miguu, ameshika jani.

Kwa Wachagga, ukimkosea mtu ukamwendea na jani la isale lililofungwa fundo, hakufukuzi. Atakusikiliza hata kama moyo wake unachemka. Rukia si Mchagga, ila amezaliwa Moshi. Alilijua hilo kwa kusikia. Kuliona ndiko alikuwa hajaliona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetutupa, mwanangu. Na hicho ulichoshika?"

"Isale, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

Magdalena akafuta mikono kwenye kitenge, akalipokea, akaligeuza. Lilikuwa na mstari wa njano katikati, kutoka shina hadi ncha, na isale la kihamba ni kijani kitupu.

"Mae! Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye chungu, getini kwa hoteli moja pale mjini. Mlinzi aliniambia ndilo lenyewe."

"Mlinzi wa wapi huyo?"

"Wa Singida, mama."

Magdalena alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia. "Ruwa wangu, Mungu wangu! Isale limevaa tai!" Kisha akaita kuelekea zizini, "Anaeli! Kuna mtu kakuletea isale la watalii. Nilipokee au nimpe ng'ombe?"

Zizini ng'ombe akapiga kwato. Halafu sauti, "Lina fundo?"

"Lina fundo la kilemba."

Ndoo ikasogezwa. "Lipokee, mama."

Rukia aliingia zizini akamkuta ameinamia kiwele, hajageuka. Akasimama kwenye majani machafu na viatu vyake vya mjini.

"Ningesema neno moja tu siku ile," akasema.

"Ungesema."

"Niliogopa."

"Nilikuona. Nani asingeogopa?" Maziwa yakagonga ndoo, mara mbili, tatu, kisha mkono ukasita. "Kilichoniuma siyo Kiboriloni, Rukia. Kilichoniuma ni Rau. Nimekungoja Rau kama mjinga."

Hapo Rukia akalia, kilio cha mabega, na Anaeli, ambaye hajui kubembeleza kwa maneno, akamsukumia kamba. "Shika huyo ndama. Utalia huku umemshika, la sivyo atanimalizia maziwa yote." Rukia akamkumbatia ndama akalia shingoni mwake, na ndama akamlamba chumvi ya mashavu. Jioni ile walikula mtori wa ndizi pamoja, na Magdalena akalichomeka lile jani la hoteli juu ya mlango, pamoja na tai yake.

Wiki hiyo hiyo Rukia alibeba baiskeli zote mbili mpaka kwenye kikao cha chama pale Njoro. Mbele ya Yoramu na wanachama akakifungua kishikio cha ile nyekundu akakifunga kwenye Yatima, akakifungua cha Yatima akakifunga kwenye nyekundu. Akasema, "Niliposhinda, nilishinda na kipande cha baiskeli mliyoifukuza. Sisemi zote ni salama. Nasema hamjui, na hamkutaka kujua. Pimeni yake, pimeni na yangu." Yoramu alivitazama vile vipande muda mrefu. Akasema mambo ya viwanda vya watu ni mazito, kamati itakaa.

Nazijua hizo kamati. Nakumbuka kamati ya mfereji na kamati ya bei ya maziwa. Nakumbuka nani alikuwa mwenyekiti, na soda walizokunywa. Zilikaa. Hazikuinuka.

Kampuni ilikuja kuchukua ile nyekundu kabla wiki haijaisha. Nairobi ikafa, kama alivyoogopa. Rukia amerudi kwenye masweta, na hajasema hata mara moja kwamba anajuta.

Sasa hivi wanayo baiskeli moja, Yatima, wanawake wawili. Rukia ni mfupi, Anaeli ana miguu mirefu, kwa hiyo wameweka alama kwenye bomba la kiti: ya chini ni rangi ya kucha ya Rukia, ya juu ni utepe wa bendeji. Mmoja anapanda mpaka kanisani, anateremka, wanashusha kiti, mwingine anapanda. Anayesubiri anashika saa na maji na kumtukana mwenzake kwa upendo. "Wewe bibi harusi, kanyaga!" Mashindano mengine ya kuchagua timu yanakuja, na Rukia amekwisha sema atakayepanda ni Anaeli. Lakini sharti la Yoramu bado liko ukutani, na likibaki hapo, Anaeli atatolewa mstarini mara ya pili.

Mkutano mkuu wa chama ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ukumbi uleule wa Njoro. Litaulizwa swali moja: fremu ipimwe, au jina lisomwe? Kura ni za mikono, na wewe kadi ya uanachama unayo. Asiye na kadi naye aje asimame dirishani aonekane. Usitume salamu za pole kwa simu. Njoo mapema, kaa mbele, na ikitajwa "ipimwe" nyanyua mkono, uuache juu mpaka uhesabiwe.