Theluji ya Pasaka

Siku ya Pasaka, mwaka ule wa korona, theluji ilianguka mjini Oakdale tangu asubuhi. Sosthène alisimama dirishani, ngumi amezikunja. Kiwanda cha nyama alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na tangu hapo hakuwa ametoka nje. Usingizi ulimpotea. Alizunguka sebuleni kutwa, na mara mbili alipiga ukuta hadi ukatoboka.

Dada yake mkubwa, Emérance, aliyemlea yeye na mdogo wake tangu walipokimbia vita kwao Fizi, alikuwa amefungulia ibada kwenye simu. Onesphore, kitindamimba, aliimba pamoja na kwaya kwa sauti yake yote.

"Nyamaza," Sosthène alisema.

"Ni Pasaka, yaya," Onesphore alisema, kama kwao walivyowaita kaka na dada wakubwa. " Imba na wewe."

"Nimesema nyamaza."

Onesphore akaendelea. Sosthène aliingia jikoni, akarudi na sufuria ya maharage, akampiga nayo usoni. Taya lililia kama kuni kavu inayovunjika. Onesphore, damu ikimchuruzika kifuani, alimrukia akamkaba koo, wakaangukia meza ya kioo ikapasuka chini yao. Sosthène akawa juu. Alipiga, akapiga, hata mdogo wake alipoacha kujikinga. Emérance alimrukia Sosthène mgongoni akamng'ata sikio. Naye akamrusha kando kama nguo. Bega la dada likagonga friji na kuteguka.

Alipomsikia dada yake akilia, mkono wake ulisimama hewani. Vipande vya kioo vilikuwa vimemwingia vidoleni. Akatoka mbio na soksi tu.

Emérance aliita ambulensi, akamlaza Onesphore ubavu ili asisongwe na damu. Jirani alipokuja kumshika Onesphore, yeye alitoka, bega likining'inia. Alimkuta Sosthène nyuma ya majengo, amepiga magoti kwenye theluji, akigonga paji la uso kwenye mti.

"Acha," alisema. "Hujaniua mimi, na wewe hutajiua mbele yangu."

"Ndani mle nasikia wanavunja mlango, yaya. Kama siku ile kule Fizi, wenye bunduki walipokuja wakiimba, nasi tuko chini ya kitanda. Kila siku wanavunja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba sauti ya kuimba inaniogopesha?"

Emérance aliketi kwenye theluji kando yake. Alikaa naye hapo hadi polisi walipofika, na Sosthène akanyoosha mikono mwenyewe.

Korti ilimkataza kumkaribia Onesphore, ikamwagiza atibiwe. Byamungu, mzee wa kanisa lao aliyeishi mji wa Apple Valley, alimpa chumba. Daktari alizungumza naye kwa simu, akampa dawa za usingizi, akasisitiza atoke nje kila siku, hata upepo ukikata masikio. Byamungu alimtoa. Walitembea kando ya mto, kila mmoja na barakoa yake, bila maneno mengi. Kuna asubuhi Sosthène alirusha mawe majini kwa hasira hadi bega likamuuma, na Byamungu akamngoja.

Onesphore alitiwa vyuma tayani. Amri ya korti ilipokwisha, miti ikiwa imeanza kupukutisha majani, alimpigia Sosthène simu.

"Sijakusamehe," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, kinywa hakifunguki vizuri.

"Ndiyo."

"Nikitafuna, nakukumbuka."

Sosthène aliibana simu sikioni.

"Emérance anasema unatembea."

"Kila siku."

"Usije huku."

"Sitakuja."



"Basi endelea kutembea," Onesphore alisema, akakata simu.