Hema Lililofungwa kwa Madumu

Mzee Turubai alikuwa na msemo wake: nyumba ina mlango, lakini turubai lina heshima. Maana yake hasa hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu ukimuuliza angekueleza, na ukishaanza kuelezwa na Mzee Turubai, chakula chako kimepoa.

Kazi yake ilikuwa kukodisha maturubai ya sherehe, yale makubwa meupe yenye fremu za chuma, na karibu kila harusi ya mji ule ilifanyika chini ya kitambaa chake. Stoo yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba. Viti vya plastiki vimepandana hadi darini, mapazia ya satini yamekunjwa kwenye magunia, na mlangoni yamejipanga makopo makubwa yaliyojazwa zege. Hayo makopo ndiyo siri ya biashara. Nani atakubali umtobolee sakafu ya uani kwa ajili ya sherehe ya siku moja? Unafunga kamba kwenye kopo la zege, basi, kazi imekwisha, unaita wapambaji.

Sasa mtu wa namna hiyo akaambiwa kwamba harusi ya binti yake wa mwisho itafanyika ukumbini.

Ukumbini, jamani! Chini ya paa la watu, na feni za watu! Aliyelitamka neno lile alikuwa mchumba mwenyewe, kijana mpima ardhi, amekaa sebuleni kwa Mzee na soda ya Mzee mkononi. "Baba, tumeona ukumbi ni bora. Turubai upepo ukija..." Hakumaliza. Mzee alisimama akasema kama ni ukumbini yeye hatii mguu, ng'o, kisha akaenda kujifungia stoo na viti vyake. Binti naye, maji hufuata mkondo, akapaza sauti hadi stoo isikie: kama baba hataki kumpeleka, mjomba ana miguu miwili mizima, atampeleka yeye.

Hapo ndipo Mzee alipoguswa penye kidonda. Mjomba! Yule shemeji yake anayenukia marashi tangu asubuhi, ambaye katika harusi zote za ukoo hajawahi kubeba hata kiti kimoja! Huyo ndiye amshike mkono mwanawe mbele za watu, na yeye Mzee akae nyumbani anasikiliza vigelegele kwa mbali? Siku mbili chakula hakikumpita kooni, ingawa kiburi hakikumruhusu kusema kwa nini.

Mama wa nyumba ndiye aliyekata shauri. "Nendeni mahali wewe na kijana mkakae wawili tu, mbali na masikio ya watu," akamwambia mumewe. "Mkirudi mmepatana, habari ya turubai tutaizungumza upya. Mkirudi mmegombana, nampigia kaka yangu simu apige pasi suti yake. Na wewe nakujua. Niapie hutafoka."

Mzee akaapa, tena kwa furaha, maana wazo lilikuwa limemjia palepale. Watakwenda kulala kwenye hema. Kule juu ya mlima nje ya mji, mahali pasipo nyumba wala mlinzi, ambapo upepo hauna likizo. Kijana atajionea kwa macho yake kwamba kitambaa kikifungwa na mtu anayejua kazi hakitikisiki, na habari ya ukumbi itakufa kifo cha kawaida.

Asichokijua ni kwamba binti naye alikuwa amemkalisha mchumba wake chini. "Baba akisema kunguru ni mweupe, wewe unasema ndiyo baba, mweupe pe. Ukimbishia tena, ndoa hakuna." Kwa hiyo waliondoka wanaume wawili, kila mmoja amefungwa ulimi na mwanamke wake.

Hema lilikuwa la Mpima, la kazini kwake, dogo la rangi ya majani. Kabla hawajapakia, Mzee alilikagua. Akakuta ndani yake kifuko cha vigingi vya chuma vyembamba.

"Hivi vya kuchokolea meno ni vya nini?"

"Vya kuchomeka ardhini, baba. Ndivyo vinavyoshika..."

"Hema halishikwi na sindano, mwanangu. Linashikwa na uzito." Akavitupa nyuma ya viti vya stoo. Makopo ya zege yasingebebeka mlimani, hilo hata yeye alilikubali, basi akachukua madumu manne ya plastiki na kuyajaza maji mpaka shingoni.

"Ndiyo, baba," akasema Mpima.

Barabara iliishia chini ya mlima, na kigari cha mizigo cha Mzee kikaishia hapo. Madumu aliyapandisha Mpima, mawili mawili, safari mbili, jasho linamtiririka. Mzee alibeba birika na ushauri.

"Tulisimamishe hapa," akasema walipofika kileleni kabisa, penye upara wa mlima, pasipo hata kichaka cha kujifichia mjusi. "Turubai huwekwa mahali pa kuonekana."

Mpima alitazama mawingu yaliyokuwa yakivimba upande wa bonde, akatazama sehemu moja chini kidogo iliyokingwa na mwamba, akameza mate. "Ndiyo, baba."

"Na mlango uelekee kule tulikotoka. Wageni wakija wasizunguke nyuma."

Wageni gani wa kupanda kule, Mungu ndiye ajuaye. Walikotoka wao ndiko upepo nao ulikokuwa unatoka. "Ndiyo, baba," akasema Mpima, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

Wakasimamisha. Kila kona dumu lake, kila dumu fundo lake, na kusema kweli mafundo yalikuwa ya kistadi. Mzee akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono kiunoni, akaridhika. Akaanza hata kumpenda kijana. Kumbe mtoto ana akili! Alikuwa amekosa mtu wa kumwelekeza tu.

Kisha akataka chai. "Chota maji hapo."

"Kwenye dumu lipi, baba?"

"La karibu."

"Baba, haya maji ndiyo..."

"Unasemaje?"

"Nasema ndiyo, baba."

Chai ikanywewa, ikarudiwa. Baada ya chai Mzee akanawa uso, na baada ya uso akaona haya kuacha miguu. Vumbi la mlima halikutoka kwa maji kidogo. Halafu akazimwagia maji soksi zake, akazifua, akazianika juu ya hema, na kila dumu lilipoinamishwa Mpima alifungua mdomo, akaufunga. Kufikia alasiri hema lile zuri lilikuwa limefungwa kwenye plastiki tupu na baraka za Mzee.

Upepo wa kwanza ulikuja ukachukua soksi. Wakaingia ndani, wakaketi wametazamana magoti kwa magoti, na hema likavimba kama shavu la mpiga tarumbeta.

"Upepo mzuri," akasema Mzee.

"Mzuri sana, baba."

Fimbo ya katikati ikapinda mpaka ikaanza kulia. "Hiyo inajinyoosha," akasema Mzee.

"Ndiyo, baba. Inajinyoosha."

Mvua ikaingia. Haikudondoka kutoka juu kama mvua za watu wenye adabu, iliingia mlangoni, imelala, ikawapiga nyuso. Mzee akapangusa macho. "Manyunyu haya."

"Manyunyu tu, baba," akasema Mpima, na radi ikapasuka hadi birika likaruka. Maji yalikuwa yameshawafika matakoni. Kila mmoja alimwangalia mwenzake kwa tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ghafla kitu kikagonga ubavuni mwa hema. Ngo! Ngo! Ngo!

"Karibu!" akaitika Mzee kwa mazoea.

Lilikuwa dumu. Limenyanyuliwa na upepo na sasa linabisha hodi, na wenzake watatu nao wakaanza kurukaruka nje kama watoto waliotolewa darasani. Mzee akahisi ardhi inamteleza chini ya makalio.

"Mwanangu, hema linatembea?"

"Ndiyo, baba."

"Unasema ndiyo kwa sababu linatembea, au kwa sababu nimesema mimi?"

"Vyote viwili, baba."

"Niambie ukweli, wee kijana!"

"Nimekatazwa kukubishia! Nikikubishia, binti yako ananiacha!"

Mzee alimkodolea macho. Kumbe ile akili yote aliyokuwa akiisifia moyoni ilikuwa woga! "Hata mimi nimekatazwa kufoka," akasema. "Sasa nafoka, na kiapo kiwe shingoni mwangu. Mimi baba mtu nakuamuru: bisha!"

Lo! Kijana alifunguka kama bomba lililopasuka.

"Toka nje! Mlango umeuelekeza kwenye upepo! Umetuweka utosini mwa mlima wakati kulikuwa na mwamba pale! Vigingi umevitupa, na uzito wa hema umeunawia miguu! Toka nje, mzee, utakwenda nalo!"

Wakatoka kwa magoti. "Lilalie!" akapiga kelele Mpima. "Tumbo chini! Usiinuke!" Na Mzee Turubai, ambaye hajawahi kuamriwa na mtu tangu azikwe baba yake, akalala kifudifudi juu ya hema kama alivyoambiwa, ameshika fimbo huku na huku. Haikusaidia. Hema lilichomoka chini ya tumbo lake, likajaa upepo, likapaa na madumu yake manne yananing'inia, likavuka ukingo na kuelekea bondeni bila hata kuaga.

"Kimbia!" akasema Mpima, akamshika mkono, wakashuka wanateleza, wanaanguka, wanainuana, mpaka kwenye kigari.

Ndani ya kigari vioo viliingia ukungu mara moja. Wakakaa wamebanana, usukani unambana mmoja na gia inamchoma mwingine, maji yanawachuruzika hadi kwenye zulia. Wa kwanza kupata pumzi alikuwa Mzee.

"Hema lako bovu," akasema. "Lingekuwa turubai langu, ungeona."

"Turubai lako, turubai lako! Baba, unajua kwa nini binti yako anataka ukumbi?"

"Kwa sababu mnaniona wa kizamani."

"Kwa sababu ya harusi ya dada yake!" Mpima alikuwa bado na moto wa kubisha, hakuna aliyemwambia aache. "Alinionyesha picha zote. Mama yumo. Mjomba yumo, yuko mbele kabisa, meno nje. Nikauliza, baba yuko wapi? Akaniwekea kidole pembeni mwa picha, nyuma ya nguzo. Mikono miwili imeshika kamba. Mikono tu, baba! Siku ile kulikuwa na upepo. Akaniambia, mimi nataka harusi ambayo baba yangu atakaa. Alitaka kukueleza, wewe ukawa umeshajifungia na viti."

Mzee aliikumbuka vizuri siku ile. Alishika kamba ile tangu watu wanaingia mpaka wanatoka, viganja vikachubuka, na turubai halikuanguka. Miaka yote hii alikuwa akijisifu kwa hilo. Vigelegele alivisikia. Uso wa mwanawe alipokuwa akisema ndiyo hakuuona, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtoto naye alikuwa akiutafuta uso wa baba yake. Mzee mzima akalia, akalia kwa sauti pale kwenye usukani, na Mpima akawa hajui aangalie wapi.

Simu ya Mpima ikaita. Alikuwa binti. Kijana akaipokea, akamtazama mkwewe, akaona hali ile, na huruma ikamfanya aseme uongo wa haraka. "Tumepatana kabisa! Hema limesimama imara, hata halitikisiki. Nimekubali mwenyewe. Harusi iwe chini ya turubai la baba."

Mzee akamnyang'anya simu.

"Mwongo huyu," akasema. "Hema limekwenda na maji na upepo. Na tumegombana vibaya sana."

Binti akasema polepole, "Basi, baba. Nitamwambia mjomba..."

"Usimwambie kitu! Mwache na marashi yake. Ni ukumbini, na nitakupeleka mimi." Akafuta pua kwa mkono wa shati lililolowa. "Ila niambie, mwanangu. Huko ukumbini, watu wote wakishaketi, kazi yangu mimi itakuwa nini?"

"Kukaa, baba."

"Kukaa wapi?"

"Mbele. Karibu na mama."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu, baba," akasema binti, na sasa naye alikuwa analia.

Mzee akamrudishia kijana simu. Nje mvua ilikuwa bado inalitandika boneti. Akajinyoosha kitini, mgongo wima, uso mbele kwenye kioo chenye ukungu. Akaiweka mikono kifuani, akaishusha. Akaishika pamoja, akaiachanisha, akaiinua tena kana kwamba kuna kitu cha kushika.

"Mikono watu huiweka wapi?" akauliza.

"Magotini, baba," akasema Mpima. "Iache tu hapo."