Kapteni na Pampu ya Choo

Mume wangu anajiita Kapteni. Boti yetu imefungwa gatini tangu tuhamie ndani yake, haijafika hata ng'ambo, lakini kofia havui. Kapteni, eti! Kapteni wa chumba, jiko na choo.

Choo chenyewe ni cha pampu ya mkono: ukimaliza haja unasukuma na kuvuta mpini mpaka uchafu uende zake. Mpini wetu ulikuwa mgumu, unalia mpaka majirani wanajua nani kaingia. Dawa ya Kapteni ilikuwa kumimina mafuta ya kupikia ndani ya bakuli la choo. Asubuhi unalainika, jioni unalia upya, na mimi nakaanga vitunguu kwa maji.

"Mafuta yanapita tu," nilimwambia. "Fungua pampu, upake grisi ndani."

"Wewe pika, mke wangu. Chombo niachie mimi."

Ningemwacha na ujinga wake, ila mama yangu alikuwa anakuja. Mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu augue, na kwa kaka alichoka kusimangwa na wifi yangu kila tonge. Alitaka kuhamia kwangu, akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, chooni nitajimudu mwenyewe?" Nikamwambia utajimudu, mama.

Basi Kapteni alipotoka kwenda kupiga soga, nikafunga koki ya maji ya bahari, nikafungua skrubu za kifuniko, nikachomoa mpini na pistoni yake. Mpira wa pistoni ulikuwa mkavu. Nikafuta kila mahali, nikapaka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira na kuta za ndani, maana hiyo haili mpira, nikarudishia. Mpini ukawa mwepesi, unausukuma kwa vidole viwili.

Mama alifika, akajaribu, akatoka anacheka. "Nitakaa," alisema. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kapteni naye akajaribu. "Mnaona mafuta yangu? Ngoja niumalizie kabisa." Nilitoka kuanika nguo, kurudi, kopo la oili ya injini ni tupu, naye anajifuta mikono, kifua mbele.

"Oili ya injini? Itavimbisha mpira, wewe!"

"Injini yenyewe inaipenda, sembuse choo?"

Nikaenda kuchukua bisibisi nifungue tena. Akaniwahi, akaitia mfukoni. Hawezi kufundishwa kazi na mke mbele ya mkwe, alisema. Hapo ndipo akili yake ilipoishia.

Siku chache baadaye, mama akiwa chooni, mpini ulikwama. Nilimsikia akisukuma, akipumzika, akisukuma tena. Kabla sijafika, Kapteni alishafungua mlango. Mungu wangu, mkwe wake! Amemkuta na haja yake pale pale, naye anapaza sauti gati nzima isikie: "Mama, unasukuma vibaya!"

Mama alivuta mtandio akafunika uso, akaniambia polepole, "Nirudishe kwa kaka yako."

Kapteni alisimama mlangoni na kofia yake. "Pampu za siku hizi hazina ubora kabisa," alisema.

Nikashusha begi la mama gatini. Halafu nikarudi ndani kuchukua langu.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kutafuta chumba," nikamwambia, "mama yangu apate choo."