Mguu wa Kulia wa Mzee Mabruki

Jumatatu tarehe 3 Machi 1975, saa mbili na robo asubuhi, mzee Mabruki aliingia zahanati akiwa ameinama, paja la kulia limekunjika. Alikuwa fundi cherehani wa Isevya, mjini Tabora, aliyehamia kijiji chetu karibu na Kigwa mwaka uliotangulia. Tangu Desemba alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya donge lililowahi kuziba mshipa wa mguu wake wa kushoto. Mimi nilikuwa mganga wa zahanati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kinena kinauma. Mguu haunyooki, na cherehani yangu ni ya kukanyaga."

Balozi wa nyumba kumi, Luhende, alisimama mlangoni akikusanya watu wa shamba la kijiji, kama kila Jumatatu. "Fundi, mguu wako unaijua Jumatatu! Ijumaa ulifika msikitini bila hata bakora."

Waliokaa kwenye benchi walicheka. Nami nilicheka.

Nilijua vidonge vile huweza kumfanya mtu avuje damu. Nikakagua fizi, mkojo na choo. Hapakuwa na damu. Kwenye cheti nikaandika: "Mzima. Anaweza kulima." Sikumpapasa tumbo, wala sikumwambia aache vidonge. Alichukua jembe akaenda.

Kesho yake mchana mkewe, Mwanajuma, alikuja kuniita. Mabruki alikuwa amepauka, mapigo ya moyo mia moja ishirini na nne kwa dakika, paja lina ganzi. Tulimbeba kwa machela hadi stesheni, tukapanda treni ya Tabora.

Daktari wa hospitali alimbonyeza chini ya tumbo, upande wa kulia. "Damu imevujia ndani ya msuli, inabana mshipa wa fahamu wa paja, ule unaonyoosha goti. Ni nadra, huyu ni wa tatu kwangu. Nje halitoki hata tone." Akaagiza sindano ya vitamini K na chupa tatu za damu. Kisha akauliza, "Nani alimpima kwanza?"

"Hakuna," Mabruki akajibu. "Nilijilalia nyumbani."

Mwanajuma aliniangalia, kisha akatazama sakafu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpima nikampeleka shambani."

Daktari aliandika jina langu.

Tarehe 24 Machi Mabruki alirudi kijijini, akaketi kwenye cherehani yake. Nilimwomba anyooshe goti la kulia. Alijaribu mara tatu. Halikunyooka.